Zamu ya Usiku, Makutupora

Sasa tuko wanne tena:
mimi, Kompyuta Moja, Kompyuta Mbili, Kompyuta Tatu.
Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai.
Nje upepo wa Julai unakwaruza bati,
na pampu zinanguruma visimani
kama ng'ombe waliokwisha kunywa.

Turufu ni shupaza.
Kompyuta Moja anatupa mbili ya uru.
Hakohoi. Hapigi meza.
Hasemi, "Haya, mwenye roho na ajitokeze."
Zamu yangu inawaka kijani, inasubiri.

Meza yetu ilikuwa boksi tupu la klorini.
Sechelela alikaa mbele yangu, mwenzangu,
akikuna sikio la kushoto maana yake ana ree,
akifunga kilemba upya maana yake hana kitu.
Ndahani alijua. Mbeleje alijua.
Wao nao walikuwa na ya kwao: kikohozi, chafya,
salamu kwa mjomba ambaye hakuwahi kuwapo.
Ree ya kopa ilitafunwa pembe na mbuzi wa mlinzi,
kila mtu aliijua kwa mgongo,
na bado tulijifanya hatuijui.
Mbeleje akiishika huanza kughani kwa pua:

  Atamia saba yako,
  kuku asiye jogoo,
  ree yangu yaja huko,
  ije ikukabe koo.

Mwezi wa tano kikaja kisanduku cha kijivu,
taa tatu, waya mmoja ukutani.
Fundi akasema: hiki hakisinzii.
Tukacheka. Sechelela akakimiminia chai kwenye kifuniko,
"Karibu mgeni, turufu ni pau."
Wiki mbili baadaye zikaja barua,
nazo zilikuwa tatu.

Mimi nilibaki, nadhani, kwa sababu ya funguo za geti.

Ndahani amerudi Bahi kwenye majaruba ya mpunga.
Mbeleje anabeba magunia Kibaigwa, mgongo ukimruhusu.
Sechelela hupanga zabibu kwenye beseni, karibu na stendi.
Nikipita ananiongeza kichala na hataki nimshukuru.

Kompyuta Mbili ndiye mwenzangu siku hizi.
Anacheza vizuri, siwezi kumsingizia.
Anakumbuka kila karata iliyoliwa.
Jana nilijikuta nakuna sikio mbele ya kioo,
sikio la kushoto, kwa nguvu,
naye akanitupia tatu ya pau.

Saa nane na robo nimesikia kitu.
Pampu ya pili. Si kelele hasa,
ni kama mtu anayesaga karanga chumba cha tatu.
Kisanduku kina taa zake, zote kijani.
Lakini Mbeleje alinifundisha kuegemeza bisibisi
kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio:
beringi ikianza kufa hulalamika kwanza kwa siri.
Nikavaa koti, nikachukua tochi na grisi,
nikaacha mchezo katikati,
saba ya shupaza mkononi mwangu na pointi hamsini na moja.

Nimerudi baada ya dakika arobaini,
vidole vyeusi, meno yakigongana.
Chai imepoa. Wote watatu wapo palepale.
Karata zangu zimelala kama nilivyoziacha.
Hakuna aliyezichungulia.
Hakuna aliyebadilisha saba yangu kwa nne
halafu akaapa kwa kaburi la bibi yake.
Hakuna aliyeuliza, "Vipi, imepona?"

Imepona, nikawaambia.
Zamu yangu ikaendelea kuwaka.

Kesho Sechelela hafanyi kazi jioni.
Karata za zamani ziko kwenye droo, chini ya daftari la zamu,
thelathini na tisa, na ile ya mbuzi.
Ndahani ana simu, ila lazima umpigie akiwa juu ya tuta.
Mbeleje atasema nauli hana,
kisha atafika wa kwanza.

Natupa saba. Kompyuta Tatu anaila kwa ree,
bila neno,
bila hata kunighania.